Marehemu Wetu wa Kila Jumamosi

Mwezi uliopita alifariki Ba, bibi yake rafiki yangu Hetal, na siku ile wanaume waliporudi kutoka kuuchoma mwili, Melkiori alifanya jambo lililowaacha watu midomo wazi. Sebule ilikuwa imetandikwa mashuka meupe ukuta hadi ukuta, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na picha ya Ba imewekwa juu ya meza ndogo ikiwa na shada la maua. Kila aliyeingia aliinamisha kichwa mbele ya picha, akatafuta pa kukaa. Melkiori, mtu mzima, baba wa watoto, alivua viatu mlangoni, akapita katikati ya watu wote bila kusalimu, akaingia jikoni, akaketi sakafuni kati ya jiko na debe la unga, akaangua kilio. Si kilio cha adabu cha kufuta jicho kwa kitambaa. Kilikuwa kilio cha Rombo kabisa, cha kusikika ng'ambo ya korongo. Shangazi mmoja wa Hetal, aliyekuja kutoka Uingereza kwa ajili ya msiba, alinishika mkono akaninong'oneza: "Huyu ni nani? Alikuwa mpishi wa mama?" Ningemjibu nini? Kwamba huyu alikuwa marehemu wetu?

Mimi si mwepesi wa kushangaa. Ni muuguzi, nimeona ya kuona, na watoto wangu wananilaumu kwamba hata wakianguka kutoka kwenye mti nawauliza kwanza kama wamechafua shati. Lakini mtu akiniuliza ni lini nilishtuka hadi nikasikia masikio yakivuma, sitataja wodi. Nitataja chumba kilicho juu ya duka la vitambaa mjini Moshi, mchana kweupe, bakuli la chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vya pilipili, mezani, majora ya kitenge yamesimamishwa pembeni, na chini yetu, barazani, cherehani ya fundi ikienda bila kupumzika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na wenzangu watatu, na hatukuwa na kazi zaidi ya kusubiri: matokeo kwanza, kisha chuo, kisha maisha. Wapo watu ambao mwaka wao mkubwa ni ule waliooa au waliojenga. Wangu ni ule wa karata, na ninaposema hivyo mume wangu hunitazama kama mgonjwa.

Hetal ndiye aliyekuwa mwenye nyumba na mdogo wetu kwa umri. Alikulia dukani, na wateja wa duka lile ni mama zetu wa milimani, kwa hiyo Kichagga alikijua kuliko mimi, pamoja na matusi yake. Prosper wa Kwa Sadala alikuwa mkubwa wetu, mrefu, mbishi, mtu wa kugombana hata na redio. Mimi ni Felista, wa Rau. Na wa nne alikuwa huyo Melkiori, tuliyemwita Melki, aliyeteremka kutoka Mkuu, kule Rombo, mwaka ule baada ya kumzika mama yake, akafikia kwa shangazi yake, jirani yetu. Shangazi alishinda sokoni tangu alfajiri hadi jioni, na mchana nyumba ile ilikuwa kimya hadi kuku waliingia sebuleni bila hofu. Melki hakuwa msemaji. Ukimuuliza habari, alikupa nzuri, basi. Ila Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika kwa Hetal, tena kabla duka halijafagiliwa.

Mchezo wenyewe aliuleta Nilesh, kaka yake Hetal, aliyekuwa akisoma Uingereza. Msidhani ni karata zile za vijiweni, za kupigana mkono mezani na kuchekana. Katika huu, kila mtu alikuwa na shujaa wake na fungu lake la karata, na adui hakuwa mtu. Adui lilikuwa fungu jingine lililolazwa katikati ya meza, ambalo kila zamu lilifunuliwa karata moja: mbwa mwitu, daraja lililokatika, mizimu ya vinamasi, na mwisho kabisa Mfalme wa Ukungu. Mnashinda wote au mnashindwa wote. Sisi tulitoka shule ambako tangu utotoni tulipangwa kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho, na ubao ukabandikwa nje kila mzazi asome. Kukaa meza moja na watu ambao ushindi wao ni wako lilikuwa jambo geni, na tulilipenda kwa uroho. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, tukauita Safari. Prosper alikuwa Mlinzi mwenye ngao, Hetal Mpiga Upinde, mimi Mama wa Moto, na Melki alikuwa Tabibu. Nilesh alimfundisha Hetal harakaharaka kabla ya kupanda ndege, Hetal akatufundisha alichokumbuka. Kijitabu cha kanuni kilikuwemo sandukuni. Tulikisoma hadi mahali pa kupanga meza, tukakirudisha, maana nani ana subira ya kusoma wakati karata zinang'aa mbele yake?

Mwanzoni tulichapwa. Tulichapwa na mbwa mwitu, tukachapwa na njaa, tukachapwa na ukungu kabla hatujamwona hata huyo mfalme wake. Prosper hakuweza kuvumilia. Siku moja alizitupa karata zake juu ya bakuli la chevda, akasema, "Aisee, mimi nilidhani huu ni mchezo, kumbe ni mtihani wa hesabu," akateremka ngazi. Jumamosi iliyofuata hakuja. Hetal akaona hakuna maana ya kupanga meza, akaenda kwa binamu zake; mimi nikabaki nyumbani nikifua. Fundi wa barazani ndiye aliyetuambia baadaye kwamba Melki alikuja vilevile. Alikaa kwenye ngazi za duka tangu asubuhi, akimtazama fundi akishona sare za shule, akaondoka duka lilipofungwa. Fundi alimuuliza, "Unamsubiri nani, kijana?" Melki akamjibu, "Nasubiri wenzangu." Tulicheka tuliposimuliwa. Siku hizi sioni kichekesho chake kiko wapi. Yule kijana hakuwa na mahali pengine duniani ambapo mtu angeuliza kama amefika.

Prosper alirudi wakati wa masika, kwa kubembelezwa, akasema anatupa nafasi ya mwisho. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi tukawa tunapaza sauti. Tulikuwa tumefika mbali kuliko siku zote, kwenye daraja la mwisho, na hapo mbwa mwitu wakamwangukia Tabibu wa Melki, akafa. Sasa nifike mahali penyewe. Hakuna aliyeuliza "Tufanye nini?" Hakuna aliyekitazama kijitabu. Kwetu mtu akifa, analiliwa, anazikwa, na matanga yakiisha ukoo unakaa na kugawana alichoacha. Mkubwa ana lake, wa katikati ana lake, na kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi. Hili halifundishwi, mtu hulikuta. Basi Prosper alinyoosha mkono wake mrefu, akavuta karata za Melki katikati ya meza.

"Kufa kufaana," alisema. "Mkubwa ni mimi, nachukua Dawa ya Chuma. Hetal kitinda mimba, achukue Taa."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe binti, Felista. Utaolewa, utayakuta mengine huko."

"Mae! Hetal naye si binti?"

"Hetal yuko kwao. Nani atamnyima mtu nyumba akiwa amekaa ndani yake?"

Nilimpiga kofi la mkono nikanyakua karata mbili bila kusubiri baraza la ukoo. Na kwa karata zile za marehemu, sisi watatu tulivuka daraja, tukampiga Mfalme wa Ukungu, tukamwangusha. Tulipiga kelele hadi fundi akatuuliza kutoka chini kama kuna posa. Prosper alimfuata Melki jikoni, alikokwenda alipokufa, akambeba juujuu, akamzungusha kati ya majora ya vitenge, akimpa cheo cha chifu wa Kichagga, "Mangi, umekufa vizuri! Umekufa kama mwanamume!" Melki alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile, na nilishangaa kuona kumbe ana mwanya.

Kuanzia hapo tulikuwa tunashinda. Tulipata njia na tukaishika: tukikaribia daraja la mwisho, Tabibu anatangulia, anaanguka, tunagawana, tunashinda. Ikawa ada. Prosper alitoa hotuba fupi ya mazishi, Hetal akajifanya kulia, mimi nikagombania urithi wangu, na Melki akasukuma kiti nyuma akasimama. Maana marehemu hana kazi mezani, na sisi watatu bado tulikuwa na safari ya saa nzima. Mara ya kwanza alizubaa mlangoni, hajui aende wapi. Ba akamwita kutoka jikoni, "Wewe uliyekufa, njoo ukoroge maziwa yasimwagike." Akaenda. Jumamosi iliyofuata alikufa, akaenda tena. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anajua iliko iliki, anajua tangawizi inapondwa wakati gani, na chai yake ilifika mezani wakati tunashangilia. Alianza kubeba mkungu wa ndizi mshare kutoka Rau, na Ba, ambaye maisha yake yote hakuonja nyama, akazipika kwa dengu na mbegu za haradali. Prosper alilalamika kwamba machalari, yaani mtori wetu wa ndizi nzima, bila nyama ni Kwaresima ya mwaka mzima, akala sahani mbili.

Siku moja nilikwenda kunawa mikono, nikawasikia. Ba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, na mgongo wa Melki ulikuwa umeinamia chuma cha chapati.

"Leo pia umekufa?" Ba aliuliza.

"Ndiyo, Ba."

"Mbona kila siku wewe? Yule mrefu hafi?"

"Yule akifa atakasirika, Ba."

Ba alicheka hadi akakohoa. "Haya, geuza hiyo. Si kwa kijiko, beta. Kwa vidole. Usiuogope moto." Beta ni mwanangu, alituita hivyo sisi wote, lakini kwa Melki alilivuta neno kidogo. Na mimi nilicheka peke yangu kwenye korido, nikanawa, nikarudi kuwapiga mbwa mwitu.

Ukafika mwezi wa kumi, na Nilesh akatuma habari kwamba anakuja Desemba. Mchezo ule ulikuwa na masanduku ya nyongeza, yaani karata mpya za kuchanganya na zile za awali, na alituma kwenye simu ya Hetal picha za matatu aliyoona yanafaa kuwa ya kwanza. Tuchague moja tu, alisema, kwa sababu begi limejaa vitu vya Ba. Alituonya pia kwa sauti, tukaisikiliza sote tumeinamia simu: nyongeza ya kwanza ndiyo ngumu kuchagua, msichague kwa picha, chagueni kwa kile mnachokikosa mezani. Maneno mazuri. Tuliyapokea kama ujumbe wa askofu, na dakika hiyohiyo tukaanza kupigana.

Mimi nilitaka Mashujaa wa Kusini. Lilikuwa na mashujaa wapya tu, hakuna kanuni mpya, na nilikuwa nimechoka kuwa Mama wa Moto. Nilitaka kuona tungekuwa nani tukibadilishana viti. Prosper alitaka Majeshi ya Usiku, ambalo lilikuwa la maadui wakali zaidi. "Tunashinda kila wiki hadi inachosha," alisema. "Mchezo umekuwa uji. Likija sanduku laini, jamani, mimi sioni sababu ya kutoka Kwa Sadala kuja kunywa chai. Chai hata kwetu ipo." Alisema akiwa anatabasamu, lakini tulimjua. Hetal alitaka la tatu, Waliotangulia. Katika sanduku lile shujaa aliyekufa hubaki mezani kama mzimu, anawanong'oneza walio hai, anawasukuma mbwa mwitu. "Nilesh amesema tuchague tunachokikosa," Hetal alisema. "Tunamkosa Melki. Kila wiki saa nzima tunamkosa. Hamuoni aibu?"

"Basi Melki aamue," nikasema.

"Marehemu hapigi kura, mangi," Prosper akadakia.

"Anapiga. Sanduku ni lake hili."

"Silitaki," Melki alisema.

Tulidhani anaona haya. Hetal akamsogezea simu aione picha, akamwambia ajaribu kufikiri, hatakaa tena jikoni, atakuwa nasi hadi mwisho. Melki alipiga meza. Melki, ambaye hata nzi alimfukuza kwa kumpulizia, alipiga meza kwa kiganja hadi karata zikaruka. "Nimesema silitaki! Wafu waachwe walipo!" Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nachagua la Prosper. Majeshi ya Usiku. Kura mbili. Yamekwisha." Hata cherehani ya fundi nilidhani imesimama. Hetal machozi yalimlenga, nikamfinya chini ya meza anyamaze, kwa sababu sote watatu tulifikiri jambo moja: mama yake. Hajamaliza mwaka tangu amzike, na sisi tunamletea mizimu ya karatasi. Prosper mwenyewe aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, ndugu yangu." Ikapitishwa, Majeshi ya Usiku.

Desemba ikaja na mambo yake. Moshi ikajaa magari ya watu wa Dar waliorudi kuhiji kwao, mbuzi wakapanda bei ya roho zao, na kila lango la kihamba, shamba la ukoo, likapigwa chokaa. Nilesh alifika na sauti nene ambayo hakuondoka nayo. Jumamosi ile alikaa nasi mezani, Ba naye akaletewa kiti chake karibu na mlango ili amtazame mjukuu, na Nilesh akaweka mbele yetu sanduku lililofungwa kwa karatasi ya plastiki. Halikuwa Majeshi ya Usiku. Lilikuwa Waliotangulia.

"Nilimwambia abadilishe," Hetal alisema, akimtazama Melki na si sisi. "Nisamehe. Nilitaka ukae nasi, basi."

Prosper alianza kufoka kuhusu kura, na kwamba katika nchi hii hakuna uchaguzi wa haki hata wa karata. Melki alisimama. "Nakwenda kumsaidia Ba," alisema. Ba alikuwa amekaa pale pale, mita moja kutoka kwake, na kikombe mkononi. Nilimwona Melki akiona hivyo, akaketi tena taratibu, na mikono yake akaikalia.

Nilesh hakuwa na habari. Alichana plastiki kwa furaha, akatandaza karata za mizimu, nzuri kweli, za rangi ya moshi na fedha. "Nyongeza hii ni ya ajabu," alisema, "ndiyo maana nilisita kuwapa kama ya kwanza. Inavunja ile kanuni kubwa."

"Kanuni ipi?" nikauliza.

"Ile ya shujaa kuanguka. Si mnajua? Mmoja wenu akianguka, wote mmeshindwa. Mchezo umekwisha hapohapo. Sasa kwa hii, mmoja akianguka mnaendelea."

Prosper alicheka. Alicheka peke yake, kisha akaacha. Mimi nilisikia masikio yakivuma, kama nilivyosema. Nilesh alitutazama mmoja mmoja. "Mbona mnanitazama hivyo? Ninyi mlikuwa mnafanyaje mtu akianguka?"

"Tunagawana," Hetal alisema kwa sauti ya mtoto.

"Mnagawana nini?"

"Vitu vyake."

Nilesh aliziba mdomo kwa mkono. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka, na ni heri alijizuia. Maana mimi nilikuwa naziona zile Jumamosi zote zikirudi nyuma yangu moja baada ya moja na kufutika: masika, kipupwe, ile siku ya posa, ile siku Prosper alicheza juu ya kiti. Hatukuwahi kushinda. Hata mara moja. Tulikuwa tunashindwa pale darajani kila wiki, halafu tunagawana mali ya maiti na kuendelea kutembea, watu walioshindwa wakijiimbia nyimbo. Hadi leo, naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, nikikumbuka bado nasikia ubaridi. Si kwa sababu ya karata. Ni kwamba sisi watoto wa nyumba nne tofauti tulikubaliana kosa moja bila hata mmoja kusema "ngoja." Hata Hetal, ambaye kwao maiti huchomwa na majivu kupewa mto, alipokea Taa yake kama kitinda mimba wa Machame.

Ni Prosper aliyeona. Alikuwa amegeuka kutafuta wa kushangaa naye, akakuta uso mmoja haushangai.

"Melki," alisema polepole. "Mbona wewe hukushtuka?"

Melki alitazama meza.

"Melki. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Siku ya pili niliyokufa. Maziwa yalichelewa kuchemka, nikakichukua kijitabu nisome."

Kama mtu angeniambia mlima umehama, ningeshtuka kidogo kuliko hapo. Hetal alishika shavu kama aliyepigwa. Prosper alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, na hakukiokota. "Mwaka mzima?" alisema. "Mwaka mzima unatutazama tunashangilia kama wajinga? Nakubeba begani, nakutolea hotuba za mazishi, na wewe unajua? Kwa nini, mangi? Tulikukosea nini?"

"Mlipokuwa mnashindwa, uliondoka," Melki alisema. Hakupaza sauti. "Wiki ile ulipoondoka, na hawa hawakuja. Nilikaa pale kwenye ngazi. Nikaona, huyu mtu akishindwa tena, hatarudi, na hawa hawatapanga meza. Nikasema basi, niwe nakufa. Kufa si kazi. Mlikuwa mnarudi." Halafu akafuta pua kwa kiganja na kuongeza, na hili ndilo lililonimaliza, "Tena msinifanye mtakatifu. Jikoni palikuwa pazuri. Kwetu hakuna mtu jikoni."

Ba, ambaye nilidhani amesinzia, alisema kutoka kwenye kiti chake, "Anajua chapati kuliko wajukuu wangu wote," kisha akanyamaza, kana kwamba shauri ameshalikata.

Prosper alitembea hadi mlangoni. Niliziona ngazi nyuma ya bega lake, na nilimwona Melki akiziona pia. Hicho ndicho alichokuwa akikiogopa tangu masika, na sasa kilikuwa kinatokea kwa miguu yake chenyewe, kwa sababu ya ukweli ambao alikufa kila wiki kuuficha. Prosper aliegemea mlango, akawa anapumua kwa nguvu, anatazama chini kwa fundi. Kisha akarudi, akakiinua kiti chake, akaketi. "Nilesh, ondoa hayo mamizimu yako mezani," alisema. "Panga lile la zamani. Kwa kanuni yake."

Tulicheza. Sijapata kucheza vile tena maishani. Kumbe kila kitu kilikuwa tofauti. Karata ambazo mwaka mzima tulizipuuza, zile za kumbebea mwenzako jeraha, za kumpa zamu yako, ghafla ndizo zilikuwa mchezo wenyewe. Tulikuwa tumezitumia kama takataka za kujazia mkono. Pale darajani mbwa mwitu walitoka, wakamwendea Tabibu kama kawaida yao, na Melki kwa mazoea akaanza kusukuma kiti nyuma. Prosper alimshika mkono. "Kaa," alisema. Akaiweka Ngao yake mezani, karata ambayo hakuwahi kumwachia mtu hata kuishika, akaitupa kwenye fungu la zilizopotea ili jeraha limpate yeye. Mimi nikatoa moto wangu wote. Hetal akavunja upinde. Tulivuka daraja tukiwa mikono mitupu, watu wanne, na nikafunua karata iliyofuata.

Melki aliiinamia. Aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu: taji la barafu, uso hauonekani. "Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye nani?" Hetal akasema.

"Mfalme wa Ukungu. Sijawahi kumwona."

Nilishika mdomo. Tangu masika tulikuwa tunamwangusha yule mfalme, tunamwimbia, tunamkanyaga, na Melki alikuwa jikoni. Prosper alitazama dari. Zamu yake ikapita akiwa bado anatazama huko. Halafu Mfalme wa Ukungu akatupiga. Hatukuwa na kitu cha kumzuia. Ilikuwa zamu moja tu. Nikafunika karata yangu, Hetal akafunika yake, kama zile siku za mwanzo. Melki hakumtazama mtu. Alikuwa amekunja vidole vyake juu ya meza, anasubiri kusikia kiti cha Prosper kikisukumwa.

Prosper alizikusanya karata zote, zetu na za yule mfalme, akazigongesha mezani zikae sawa, akamwekea Melki mkononi.

"Changa, mangi," alisema. "Tumeshindwa wote."